Pakiti ya chai ituambie imechumwa mlima gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nitoe ombi kwa viwanda na wafungashaji wa chai nchini. Andikeni kwenye pakiti chai imechumwa wilaya gani, imekaushwa mwezi gani, na majani yaliyomo ni ya daraja lipi. Mambo hayo matatu yanaenea kwenye mstari mmoja. Mnunuzi wa Karachi au Cairo anayenunua chai ya Afrika Mashariki mnadani huoneshwa jina la shamba, daraja na uzito wa mzigo, na hupelekewa sampuli aionje kabla ya kutaja bei. Mimi ninakaa Tanga, ambako siku ya anga safi milima ya Usambara naiona kwa macho, lakini dukani nauziwa pakiti yenye picha ya mlima, jina la biashara na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mlima wenyewe ni upi, siambiwi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi kimu. Nilizaliwa Mufindi, mama yangu akiwa mchumaji katika shamba moja kubwa huko. Nimekua nikimwona akitoka alfajiri na kapu mgongoni, plastiki kaifunga kiunoni ili umande usimloweshe. Alichuma majani mawili na chipukizi kutwa nzima, jioni akapanga foleni kwenye mizani. Kilo moja ya chai kavu hula kilo nne na nusu hivi za majani mabichi, kwa hiyo kila anayeshika pakiti ya nusu kilo ajue kuna mtu alijaza zaidi ya kilo mbili mgongoni kwa ajili yake. Chai tuliyokunywa nyumbani ilikuwa vumbi, daraja la mwisho kabisa, baada ya yale mazuri kupakiwa kwenda nje. Mama alifariki bila kuonja kikombe cha chai nzuri aliyoichuma kwa mikono yake mwenyewe. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na ndilo lililonifanya nianze kuonja chai kwa utaratibu nilipostaafu.

Nitaeleza ninavyofanya, maana wengi wanadhani kuonja chai ni kazi ya mabwana wa mnadani peke yao. Kipo kiwango cha kimataifa, ISO 3103, kilichotolewa mwaka 1980, kinachosema chai ya kuonjwa iandaliwe vipi: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyotoka kuchemka, dakika sita, ndani ya chombo cha kauri kilichofunikwa. Chai ya kipimo hicho huwa kali kuliko anayoipenda mtu kwa chakula. Kimewekwa ili chai zote zipitie njia moja, na ile yenye kasoro isipate pa kujificha. Nyumbani nina mizani ndogo ya betri niliyokuwa napimia hamira, vikombe vyeupe visivyo na maua ndani, visahani vya kufunikia, chujio na saa ya simu. Kila kikombe cha mililita 200 nakitia gramu 4. Namimina maji ya birika moja, nafunika, nasubiri. Kisha nachuja kwenye vikombe vingine nilivyovipasha moto, na majani yaliyolowa nayaweka kwenye kisahani mbele ya chai yake. Sukari na maziwa vinakaa kabatini kwa wakati huo.

Nanusa kwanza majani makavu, halafu yaliyolowa yangali ya moto, halafu chai yenyewe. Yaliyolowa ndiyo yenye habari nyingi. Yakiwa na rangi ya shaba inayong'aa, kiwanda kiliyachachusha, yaani kiliyaacha yageuke rangi kwa hewa, kwa muda unaofaa na kukausha bila kuchelewa. Yakiwa meusi yaliyofifia, ama yalipitiliza kuchachuka ama yalikaa ghalani mpaka yakachoka. Baada ya hapo nachota kwa kijiko cha supu na kufyonza kwa nguvu, chai iingie pamoja na hewa, isambae mdomo mzima na harufu ipande puani. Ndivyo wanavyofanya waonjaji wa mnadani. Kwetu pwani kufyonza chai kwa kelele mbele ya watu ni kukosa adabu, na wageni wangu huona haya mara ya kwanza. Nawaambia wasione haya, maana anayekunywa kwa kubana midomo anapata nusu tu ya kilichomo.

Anayetaka kuanza, aanze na chai mbili za nchi hii: moja ya Mufindi au Njombe, nyingine ya Amani, zote nyeusi na za daraja moja. Mimi nilizipata kwa msaada wa watu: mpwa wangu aliyeko Mafinga alinitumia moja, na nyingine niliipata kwa mzazi wa mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi Muheza. Bila watu hao nisingejua nakunywa nini.

Amani iko kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari, na msitu wake unapata mvua nyingi. Hapo ndipo Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, na chai ni miongoni mwa mimea waliyoijaribu enzi zao. Mashamba ya Mufindi yako juu zaidi, mita 1,800 na kuendelea, na nikiwa mtoto Juni na Julai tulikuwa tunaamka nyasi zikiwa nyeupe kwa jalidi. Kichaka cha chai hukua polepole kwenye baridi, na jani lililokua polepole huwa na harufu zaidi. Nilivyoziweka pamoja, ya Amani ilikuwa na rangi nzito ya kahawia, laini, inashuka kooni bila kelele, chai ya kunywa na kitafunio asubuhi yote. Ya Mufindi, iliyochumwa wakati wa kipupwe, ilikuwa nyekundu inayong'aa ukingoni mwa kikombe, ina harufu ya maua, na ukakasi wake unakamata pembeni mwa ulimi kisha unaachia. Huo wa kuachia ndio unaotafutwa. Ukakasi usioachia, unaoganda mdomoni kama mtu aliyeuma ndizi mbichi, ni wa chai iliyopikwa kupita kiasi au iliyotokana na majani magumu.

Ile ya Mufindi ilipopoa ilipoteza uangavu na kuingia ukungu. Wifi yangu aliyekuwa ananisaidia akashtuka.

"Mwalimu, kikombe hiki hakikuoshwa vizuri."

"Kimeoshwa, wifi. Hiyo ni dalili njema."

Kafeini na tanini za chai (tanini ndizo zinazoleta ukakasi) zikiwa nyingi hushikana kadiri maji yanavyopoa, na ndipo chai inapofanya ukungu. Ukiipasha moto ukungu unatoweka. Chai hafifu haifanyi hivyo, hata ukiiacha mpaka kesho. Watu wangapi wamemwaga chai bora kabisa kwa kudhani imeharibika!

Sasa nije kwenye daraja, ambalo wafungashaji wengi hawalitaji. Sehemu kubwa ya chai ya dukani kwetu hutengenezwa kwa mashine ya CTC iliyobuniwa Assam, India, miaka ya 1930, ambayo huponda majani, kuyachana na kuyaviringa kuwa punje. Punje hizo hutoa rangi na ukali kwa dakika chache, na hakuna kinachozishinda kwa chai ya maziwa. Madaraja yake yana majina ya herufi yanayotumika viwandani na mnadani kila siku. BP1 ni punje kubwa, PF1 ni ndogo kidogo, PD na D1 zinakaribia unga. PF1 iliyotoka kiwandani karibuni ni chai ya heshima kabisa. Lakini nikinunua pakiti isiyosema kitu sijui nimepewa PF1 au mchanganyiko wa vumbi, na bei haiwezi kuniambia.

Njia ya pili ni ya zamani zaidi: jani hunyaushwa, huviringwa bila kupondwa, huachwa lichachuke, kisha hukaushwa. Jani la namna hiyo likimiminiwa maji ya moto hujikunjua polepole, ukaliona umbo lake na hata kikonyo chake. Wanywaji wa Ulaya na Ghuba hulilipia bei ya juu. Chai ya majani mazima inatengenezwa Kenya, Rwanda, Malawi, na kwetu pia ipo, lakini kuipata dukani Tanga ni kuhangaika. Mara nyingi naagiza kwa mtu anayesafiri.

Wapo wanaoniuliza kama chai ya kijani inatokana na mti mwingine. La. Chai nyeusi, ya kijani, nyeupe na ile ya Kichina inayoitwa oolong zote zinatoka kwenye mmea mmoja, Camellia sinensis, na tofauti yake inafanyika baada ya kuchumwa. Ya kijani hupitishwa kwenye joto mapema, kwa mvuke kama wafanyavyo Wajapani au kwenye chungu kama Wachina wengi, ili isichachuke. Nyeupe hunyaushwa na kukaushwa tu, nayo nzuri zaidi ni ya vichipukizi vitupu. Oolong huachwa ichachuke kiasi, halafu inakatizwa. Nimewaonesha vijana wa jirani majani ya aina hizo yaliyolowa, kila moja kwenye sahani yake, na wakayapanga wenyewe kuanzia la kijani hadi jeusi bila kuambiwa.

Majirani zetu wa Kenya wana chai ya zambarau, kutoka mmea unaoitwa TRFK 306/1 ambao taasisi yao ya utafiti iliutoa kwa wakulima mwaka 2011. Mwanangu anayefanya kazi Mombasa aliniletea kwa basi la Horohoro. Jani bichi lina rangi ya zambarau kwa sababu ya anthosayanini, rangi ya asili ya mmea, na chai yake ikitengenezwa kwa njia ya kijani hutoka na rangi ya kijivu yenye uzambarau hafifu. Tia matone ya ndimu, inageuka waridi mbele ya macho yako, kwani rangi hiyo hubadilika inapokutana na asidi. Wajukuu waliifurahia kuliko zote. Kwa ladha peke yake siiweki mbele ya nyeusi ya Mufindi, maana ukakasi wake ni mwingi na harufu ni ndogo. Hata hivyo pakiti yake ilikuwa na jina la kaunti na jina la kiwanda, na hilo nililipenda.

Chai ya kijani imepata sifa mbaya kwetu kwa sababu tunaipika kama nyeusi. Maji yanayotokota huifanya chungu. Inataka nyuzi 70 hadi 80 na dakika mbili au tatu. Asiye na kipimajoto achemshe maji, ayamimine kwenye jagi, kutoka jagi kwenye kikombe, halafu kwenye buli lenye majani. Kila yanapohamishwa kwenye chombo cha baridi hupoteza nyuzi kumi hivi. Nyeusi kinyume chake inataka maji ya moto kabisa, na hapo wa nyanda za juu na sisi wa pwani hatulingani. Hapa Tanga maji huchemka nyuzi 100. Kwa mita 1,800 za Mufindi huchemka nyuzi 94 hivi, hata uyachochee vipi. Ndugu zangu wa kule nawashauri waongeze dakika moja, na buli lipashwe moto kwanza kisawasawa.

Maji yenyewe ni jambo linalostahili barua yake. Maji ya bomba ya Tanga yanatoka bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, na Zigi unaanzia kwenye misitu ya Usambara Mashariki, upande huo huo wa Amani. Mtu anayepika chai ya Amani kwa maji ya bomba letu anaipika kwa mvua ya mlima ulioiotesha. Wifi yangu, kwa upande wake, anaishi karibu na bahari na ana kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Maji yake ni safi kwa macho lakini yana chokaa nyingi. Tulichukua chai ile ile, tukapima uzito ule ule, tukaiandaa kwa maji ya bomba na kwa maji ya kisima. Ya bomba ilitoka nyekundu na angavu. Ya kisima ilitoka nyeusi tii, haina harufu, na juu ikatanda utando wenye mng'ao unaokatikakatika ukiugusa kwa kijiko. Utando huo hutokana na chokaa ya maji kukutana na viini vya chai. Matone ya ndimu huuondoa, harufu iliyopotea hairudi. Miaka yote wifi alikuwa akibadilisha aina za majani ya chai, akilaumu pakiti moja baada ya nyingine, kumbe angebadilisha ndoo. Siku hizi ana dumu la maji ya bomba lililotengwa kwa chai tu. Maji yakinuka dawa, huyaacha wazi usiku kucha kabla ya kuyatumia.

Kuna suala la utunzaji, ambalo linawahusu wenye maduka. Chai hunyonya harufu na unyevu, na hapa pwani unyevu hatuukosi. Duka moja la mtaani kwetu pakiti za chai zilipangwa rafu moja na sabuni za kufulia na dawa za mbu. Nilipomweleza muuzaji, kijana mstaarabu, alinijibu, "Mwalimu, majani ni majani, mteja anaangalia bei." Nikamletea vikombe viwili kwenye trei, kimoja cha chai kutoka rafuni kwake, kingine cha chai ya jina lile lile niliyoitunza ndani ya kopo la bati lenye mfuniko. Alinusa tu, hakuhitaji kuonja, na jioni hiyo akaihamishia chai upande wa sukari na chumvi. Alikuwa hajui kwa sababu hakuna aliyewahi kumweleza, na hapo ndipo mwezi wa kukausha unapohitajika kwenye pakiti. Nataka kujua chai imeshakaa muda gani, na tarehe ya mwisho wa matumizi hainielezi ilianza lini safari.

Najua nitaambiwa majani mazima ni ya matajiri. Tupige hesabu. Kikombe cha mililita 250 cha chai ya CTC kinatosheka na gramu 2 na nusu, kwa hiyo pakiti ya gramu 250 inatoa vikombe 100. Majani mazima yanahitaji gramu 5 kwa kikombe kile kile, ambavyo ni vikombe 50. Lakini majani mazima mazuri yanamiminiwa maji mara ya pili na bado yana cha kutoa, wakati punje za CTC hutoa karibu kila kitu mara ya kwanza. Tayari tumerudi kwenye vikombe 100. Na anayeonja chai nzuri bila kitu ndani hupunguza sukari mwenyewe, bila kuhubiriwa. Nimeliona hilo kwa mume wangu, ambaye daktari alishamwambia apunguze na hakusikia.

Nitaambiwa pia kwamba chai yetu ni ya viungo na maziwa, na haya ya kuonja kavu ni mambo ya kigeni. Chai ya maziwa naipika mwenyewe Jumapili, na tangawizi ya kuponda, hiliki na mdalasini, na mahamri juu. Protini ya maziwa hukamata tanini na kupunguza ukakasi, ndiyo sababu chai ya maziwa inataka majani yenye nguvu. Chai hafifu inamezwa na maziwa, inabaki rangi tu. Mpishi wa chai ya viungo ndiye hasa anayehitaji kujua amenunua PF1 ya Mufindi au vumbi la mwaka juzi, kwa sababu viungo vingi mara nyingine vinatiwa ili kuficha majani mabovu. Mchaichai nao naupenda, nimeuotesha uani. Lakini mchaichai nautia kwenye chai nzuri ili vikutane viwili vizuri.

Wenzetu walishafanya hiki ninachokiomba. Sri Lanka hugawa chai yake kwa mwinuko: chini ya mita 600, kati ya 600 na 1,200, na juu ya hapo. Pakiti nyingi husema kama ni ya Nuwara Eliya, Dimbula, Uva au Ruhuna, na nembo ya simba ya bodi yao huwekwa tu kwenye chai ya kwao iliyofungashwa nchini mwao. Mpwa wangu aliyeko Muscat ananiletea hizo, na mimi mwanamke wa Tanga nimejifunza majina ya wilaya za Sri Lanka kwa kusoma makopo ya chai. Darjeeling ya India ilisajiliwa mwaka 2004 ili jina hilo litumike kwa chai ya milima hiyo pekee, na wanywaji huisubiri ile ya mchumo wa kwanza, ya Machi na Aprili, wakiilipia zaidi. Sisi tuna Mufindi, Njombe, Rungwe, Lushoto, Bumbuli, Amani na Bukoba. Ni udongo tofauti, mvua tofauti, baridi tofauti. Nani nje ya wafanyabiashara anaweza kuzitaja kwa ladha? Tumezipoteza zote ndani ya neno moja, "majani", kisha tunashangaa mkulima mdogo wa Rungwe analalamikia bei. Anayechuma majani mawili na chipukizi kwa uaminifu na anayekata mpaka jani la nne gumu, kwenye meza yetu ya chai hawajulikani. Mnywaji asiyejua tofauti hawezi kuilipia.

Tangu mwaka 2023 tuna mnada wetu wa chai Dar es Salaam. Awali chai yetu ya mnadani ilikuwa inakwenda Mombasa, ambako mnada ulihamia kutoka Nairobi mwaka 1969. Ni hatua kubwa na naiunga mkono. Ila mnada unamwonyesha mnunuzi mkubwa jina la shamba na daraja. Naomba habari hizo hizo zisiishie mlango wa ghala, zifike mpaka kwenye rafu ya duka la mtaani. Kiwanda kinazo tayari, kwenye kila gunia. Wafungashaji wanaochanganya chai za sehemu mbalimbali waandike kwamba wamechanganya na wataje sehemu hizo, kwani kuchanganya ni ufundi na hauna aibu. Na kiwanda kimoja tu kithubutu kuanza: pakiti ndogo ya gramu 50 ya majani mazima, jina la wilaya, mwezi, daraja, na maelekezo ya mistari miwili ya jinsi ya kuitayarisha. Mimi na wifi yangu tutainunua, na muuzaji wetu ameshaniahidi kuitengea rafu isiyo na sabuni.

Kwako Mhariri nina ombi dogo zaidi. Wasomaji wako wanaoishi karibu na viwanda, Lushoto, Rungwe, Njombe, Mufindi, Bukoba, watuandikie kama kiwanda chao kinamuuzia mtu mmoja mmoja mlangoni, kwa madaraja yapi na kwa bei gani kwa kilo. Orodha hiyo ikichapishwa kabla ya kipupwe, sisi wa mbali tutajua pa kuagiza chai ya Juni na Julai ikiwa bado mpya.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa sayansi kimu,
Tanga